Mke wa Profesa, Isevya

Hafsa binti Mabruki ni fundi cherehani wa Isevya, hapa Tabora. Mabibi harusi aliowashonea zamani sasa wanamletea binti zao. Mumewe, Abdulatifu, ni profesa wa jiografia Dar es Salaam. Walipooana alikuwa mwalimu wa sekondari hapa hapa. Akaenda kusoma, wakakubaliana kwamba akimaliza atarudi. Akamaliza, akapewa kazi huko huko. Hafsa alimfuata, lakini mama yake akaugua, akarudi kumuuguza. Mama alipofariki, hakuwa tena na moyo wa kuanza upya ugenini. Basi wakawa mume na mke wa likizo, hata mwana wao, Majidi, alipokua na kuondoka nyumbani.

Kazi ya Abdulatifu ni miji janja: namna reli, simu na mtandao vinavyoweza kuuwezesha mji mdogo kuwatunza watu wake. Mifano yake huitoa nyumbani, miji midogo ya mkoa wa Tabora: Urambo, Bukene, Puge. Hafsa akimsikia redioni anaitaja Tabora, husimamisha cherehani.

Mwaka jana Abdulatifu alialikwa kuzungumza Tabora. Hafsa akavaa gauni jipya, akakaa viti vya nyuma. Abdulatifu alionyesha ramani ya njia ya misafara ya zamani, na reli iliyofuata nyayo zake.

"Mji janja si kamera na taa," alisema. "Ni mji ambao mtu halazimiki kuuhama ili aishi vizuri. Mkoa ukistawi, watu hubaki na watu wao."

Ulipofika wakati wa maswali, Hafsa alishtukia amesimama.

"Profesa, wewe mwenyewe unaishi wapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hawakujua kwamba ni mkewe. Abdulatifu akavua miwani, akaifuta polepole.

"Dar es Salaam," alisema. "Kwa sasa."

Hafsa akaketi, uso unamwaka kwa haya.

Jioni, wakila, alisema, "Niwie radhi, Baba Majidi. Sikukusudia kukuaibisha mbele za watu."

"Hukuniaibisha. Hivi hiyo 'kwa sasa' nimeisema mara ngapi?"

"Sijahesabu."

"Muongo wewe," akasema, na wote wawili wakacheka.

Aliporudi chuoni, aliomba utafiti wake mpya ufanyike Bukene. Wakamkubalia kwa kiangazi kimoja. Jumatatu alikwenda kuwahoji wakulima na wachuuzi, Ijumaa akarudi Isevya na vumbi viatuni. Waligombana kwa sababu ya redio, kwa sababu ya chumvi, kwa sababu ya makaratasi yake yaliyotapakaa juu ya vitambaa vya watu. Hafsa aliupenda hata huo ugomvi. Alikuwa amesahau jinsi mtu mwingine anavyoijaza nyumba kwa kukohoa tu.

Abdulatifu akaomba aongezewe muda. Chuo kikajibu kwamba wanafunzi wanamsubiri. Mvua za kwanza ziliponyesha, akafunga begi.

"Usije stesheni," alimwomba mkewe. "Nitashindwa kupanda."

Hafsa akakubali. Kisha akaenda hata hivyo, akasimama mbali, nyuma ya mizigo. Alimwona mumewe dirishani, ametoa kichwa, anaangaza macho huku na huku kama mtu anayemtafuta mtu. Hafsa hakuinua mkono. Treni ikaondoka.

Simu ya Hafsa iliita treni ikiwa imeshapita stesheni ya Malongwe, mbali na Tabora.

"Nilitamani ungekuja," alisema Abdulatifu.

Hafsa alikuwa bado amekaa kwenye benchi la stesheni.

"Ungeshindwa kupanda," alimjibu.