Mafuta ya Fundi Sefania

Efrazia alikabidhiwa duka la kijiji huko Shume kwa sababu hakumwamini mtu. Hata mumewe akiomba sukari, humwuliza ile ya juzi imekwenda wapi. Mwaka sabini na nne, mafuta ya kula yalipoadimika, kamati ya kijiji ikamwamuru ampe Sefania, fundi wa chuma, chupa ya mafuta ya alizeti kila asubuhi. Akaitoa ya kwanza shingo upande.

“Anakaanga nini huyo?” akauliza Mwanaidi, jirani yake. “Karakana yake inanukia maandazi!”

Harufu ile Efrazia naye alikuwa ameisikia. Akafunga duka, akaenda.

“Shikamoo, mzee Sefania.”

“Marahaba, Mama Esta. Umefuata chupa tupu?”

“Nimefuata mafuta.”

Sefania hakukasirika. Kwa mashine yake ya kukerezea alikuwa akikata hesi, ile mikato ya kukazia nati, kwenye mhimili mpya wa mashine ya kusaga unga ya kijiji, na mafuta maalumu ya kukatia chuma hayakuwa yakipatikana tena Tanga. Akakata kidogo bila mafuta: chuma kikapiga kelele, kikachanika kama kitambaa kibovu. Akadondoshea alizeti: moshi ukapanda ukinukia jikoni, kisu cha mashine kikapita kimya, hesi zikatoka zinang’aa.

Efrazia alitazama, akapitisha kidole juu ya hesi. Hata hivyo, macho yake yalikuwa kwenye chupa.

“Kuanzia leo nitamimina mwenyewe,” akasema.

Basi kila asubuhi akawa anasimama kando ya mashine ya kukerezea, akidondosha mafuta huku akinusa nguo za fundi na kuchungulia chini ya meza. Hakuona kikaango. Chupa iliisha vilevile kama alipokuwa hayupo. Moyoni aliudhika kidogo. Alikuwa na hakika atamkamata.

Kwenye mkutano wa kijiji akasimama. “Mafuta yanakwenda kwenye chuma. Nayamimina kwa mkono wangu.”

Mwanaidi akasema polepole, “Kumbe sasa mko wawili.”

Wanawake wakatazamana. Efrazia aliketi, masikio yakimwaka. Tangu siku hiyo, akipika, Mwanaidi hupita karibu na dirisha lake akinusa, bila shughuli yoyote.

Hata hivyo hakuacha kwenda karakana mpaka mhimili ukakamilika. Mashine ya kusaga iliponguruma, watu walileta mahindi yao, wakapanga foleni. Mwanaidi alipokea unga wake, akauchota kiganjani, akaunusa mara mbili kama anayetafuta harufu ya maandazi. Kisha akamtazama Efrazia, akajitwika kapu lake na kuondoka bila kuaga.