Fundi wa Deki ya Mama

Kwa miaka kumi na moja hakuna mkono mwingine ila wa fundi uliogusa deki ya video ya mama yake. Kazi yake ilikuwa cherehani, lakini pale nyumbani nyaya tatu za deki zilikuwa mali yake: wa njano wa picha, mweupe na mwekundu wa sauti. Kila Jumapili alipiga magoti nyuma ya televisheni, akapuliza vumbi, akachomeka, na mama akamtazama marehemu baba akitoa nasaha kwenye kanda ya harusi ya binti yake, fundi huyo huyo.

"Bila wewe ningekuwa kipofu na kiziwi," mama husema, naye hurudi kwake kifua mbele.

Kisha mdogo wake wa kiume akaoa, mke akahamia kwa mama. Jumapili moja fundi aliingia akakuta baba ameshaanza kuongea.

"Nani kachomeka?"

"Wifi yako. Dakika moja tu, mwanangu!"

"Rangi kwa rangi, wifi," yule mke akatabasamu. "Wala si kazi."

Si kazi! Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mwenyeji alianza kuugua. Wiki ile alimkatia mteja gauni lenye mikono miwili ya kushoto.

Jumatano akapita "kusalimia". Mama alikuwa anaoga, wifi anaanua nguo. Fundi akapitisha mkono nyuma ya televisheni, akaulegeza waya wa njano, ukabaki umeshikilia kwa ncha tu. Akaenda zake kusubiri kuitwa.

Alhamisi kimya. Ijumaa kimya. Jumamosi uvumilivu ukamwisha, akaenda mwenyewe.

Skrini ilikuwa nyeusi, sauti ya baba inasikika. Mama na wifi wamebanana kwenye kochi.

"Hapo sasa anajikuna sikio," mama alikuwa akisimulia. "Woga! Na lile shati kaazima, vifungo vinambana tumbo!"

Wifi alicheka hadi machozi. Fundi hakuwahi kuambiwa habari ya shati.

"Deki imeharibika?" aliuliza.

"Picha imegoma tangu juzi," wifi akajibu. "Nilitaka kuangalia nyaya au kukuita, mama akasema niache, tusikusumbue."

Fundi akapiga magoti, akausukuma waya. Baba akatokea, mkono sikioni. Mama akaikodolea skrini macho, hadithi ikakatika.

"Mama, shati aliazima kwa nani?"

"Tutazame kwanza."

Fundi alibaki pale chini. "Mimi ndiye niliyeulegeza," alisema mwishowe.

"Najua," mama akasema bila kugeuka. "Waya hauna miguu."

Wifi alisogea, akampisha nafasi upande wake. Fundi akakaa. Kanda ikaendelea hadi mwisho, na muda wote huo alikuwa akihesabu: mara nne mama alimpiga wifi kofi la utani gotini. Yeye, hata moja.