Kiti Kimoja, Mstari wa Mbele

Jumatatu, tarehe 2 Machi 2026, mwenye kampuni ndogo ya kukodisha mahema na viti aliiruhusu akili mnemba kufungua miradi ndani ya programu anayopangia kazi zake. Programu imehifadhi tarehe hiyo pamoja na jina lake, kwa hiyo hawezi kukana. Wiki hiyohiyo angependa kukana.

Wafanyakazi wake humwita Mama Kamba. Hakuna hema lililotoka ghalani mwake likasimama popote bila yeye kulizunguka na kuvuta kila kamba kwa mkono wake. Ghala lenyewe liko nyuma ya gereji, viti vyeupe vimebebana hadi karibu na dari, na ukutani kuna maneno aliyoyaandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: MRADI UKIFUNGULIWA HAUFUTWI. Sheria hiyo inamlinda mteja mdogo. Wa hema moja asisukumwe kando kwa sababu amekuja wa mahema sita.

Zamani aliyefungua mradi ni yeye peke yake. Ujumbe ulioingia kwenye simu ya kazi ulimsubiri ashuke ngazi, akaushe jasho, atafute miwani. Wengine walichoka kungoja wakaenda kwingine. Ndipo akasalimu amri. Msaidizi mpya, ambaye vijana wa ghalani walimbatiza Karani, alisoma ujumbe, akafungua mradi, akapanga vifaa, watu na saa, kisha akamjibu mteja. Mwanzoni hakukuwa na la kulalamikia.

Alhamisi ukaingia ujumbe wa bintiye. Binti huyo anahitimu ufundi umeme Jumamosi ya tarehe 14. Sherehe zake zote za shule mama alizikosa, maana sherehe huangukia Jumamosi, na Jumamosi ni siku ya mahema. Safari hii hakumwandikia mama kwenye simu yake. Aliandika kwenye simu ya kazi, kwa kejeli, kama mteja:

"Habari. Naomba kiti kimoja, mstari wa mbele, ukumbi wa chuo, Jumamosi saa tatu hadi saa saba. Kije na Mama Kamba amekikalia. Simu yake ibaki nyumbani."

Karani hajui kejeli wala undugu. Alifungua mradi, akauita Mahafali. Vifaa: kiti kimoja. Hema: halihitajiki. Mfanyakazi: Mama Kamba. Kisha akamjibu mteja: "Asante kwa kutuchagua. Oda yako imethibitishwa."

Mama Kamba hajamaliza kusoma, simu ikalia.

"Mama! Umekubali kweli?"

"Mwanangu, ngoja kwanza..."

"Nimeshawaambia wenzangu wote. Hawaamini! Mama, leo umenifurahisha." Akakata.

Jumamosi hiyohiyo kulikuwa na harusi ya mahema sita. Mama Kamba aliketi juu ya rundo la turubai, kidole kikiwa karibu na kitufe cha kufuta. Dereva wa lori, mtu mnene aitwaye Breki kwa kuwa hana haraka na jambo lolote, alikuwa akichungulia begani kwake.

"Mama, soma ukuta."

"Ukuta niliuandika mimi."

"Ndiyo maana nakwambia uusome. Mteja wa kiti kimoja unamsukuma kwa ajili ya mwenye mahema sita?"

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole!" kijana mmoja akadakia kutoka nyuma ya viti, na ghala zima likacheka.

"Haya, harusi ataisimamia nani?"

"Mimi," Breki akasema.

"Wewe? Hata kamba ya kiatu sijawahi kukuona ukifunga."

Breki akatazama miguu yake. "Ndala hazina kamba, Mama. Lakini macho ninayo. Nimekutazama miaka yote hii."

Alasiri Mama Kamba alimpeleka uani asimamishe hema kubwa kuliko yote. Yeye akaketi pembeni, mikono ameikalia ili isimponyoke. Hema liliposimama alilizunguka, akavuta kamba baada ya kamba. Ya pembe ya tatu ikalegea.

"Bomoa. Anza upya."

Breki akabomoa. Kesho yake akabomoa tena. Mara ya mwisho Mama Kamba alizunguka hema lote, akavuta kila kamba, akaondoka bila kusema neno. Wanaomjua wanasema hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote anazowahi kumpa mtu.

Jioni ile alitoa jina lake kwenye mradi wa harusi akaweka la Breki. Karani hakunyang'anywa ruhusa. Ataendelea kufungua miradi, ila akitaka kumpangia Mama Kamba mwenyewe kazi, aulize kwanza.

"Kumbe unamwogopa mtoto," Breki alimtania.

"Namwogopa mteja."

Jumamosi alfajiri Breki ataondoka na lori kwenda harusini. Saa mbili Mama Kamba ataelekea chuoni. Ukumbi una viti vyake, lakini atabeba kimoja kutoka ghalani, kwa sababu ndivyo oda inavyosema.