Wakili wa Kiangazi cha Themanini na Sita

Kama umewahi kukalia kochi hapa Muharram Bey, Iskandaria, na spring isikuchome, mshukuru Fundi Wagdi. Ni mtu wa miaka sitini na kitu, ana kitambi cha heshima, na akiwa kazini hubana misumari midogo kwa midomo. Hiyo ndiyo saa pekee mtaa wetu hupata amani. Misumari ikiisha mdomoni, anaanza habari za sinema.

Na wala si sinema zote. Wagdi ni wakili wa msimu mmoja tu, kiangazi cha mwaka themanini na sita. Kwetu filamu kubwa hungojea mitihani iishe na watu wa Kairo washuke baharini na watoto wao wenye kelele, ndipo zinatolewa. Kwa hiyo kila kiangazi kina filamu zake, na kila mwanamume anayekaa mkahawani kwa Marzuq ana kiangazi anachokitetea kuliko anavyomtetea mama mkwe wake. Ukichunguza sana utakuta ni kile alichokuwa bado na nywele.

Mpinzani wake mkubwa ni Haji Shawqi, ambaye kiangazi chake ni themanini na tano. Sababu ya Haji haihitaji shahada: themanini na sita hakuwepo. Alikuwa Kuwait.

Na hapo ndipo kwenye kidonda. Mwaka ule wote wawili walikuwa vijana, mafundi wa makochi katika karakana moja, na kiwanda cha samani cha Kuwait kilitaka fundi mmoja. Mkataba ulikuja na jina la Wagdi. Wagdi akauchana mbele ya watu, vipande vikaruka hadi kwenye gundi. Wiki iliyofuata ukaja mwingine, una jina la Shawqi. Shawqi akaenda, akajenga kwa mbali jengo la ghorofa nne, akarudi mbio Agosti ya tisini vita vilipoingia, ana blanketi na feni moja. Lakini jengo lilikuwa limeshasimama. Duka la Wagdi liko chini ya jengo hilo, na Haji hupita mlangoni kila asubuhi kumwuliza kama dari halivuji.

Kwa nini Wagdi aliuchana? Kwa sababu ya filamu. Usicheke, kuna watu wameoa kwa sababu ya wimbo.

Kiangazi hicho alikuwa mchumba wa Insaf. Ndoa haikuwa imeandikwa bado, na mchumba hapelekwi sinema bila mtu wa kukaa katikati. Aliyekaa katikati alikuwa shangazi yake Insaf, Shangazi Tafida, mwanamke mpana aliyekula mbegu za tikiti kama mashine ya kukoboa. Shangazi alikuwa na sheria yake: msichana wa watu asionekane kwenye mwanga akiwa na mwanamume ambaye hajamwoa. Wataingia taa zikishazimwa, watatoka kabla hazijawashwa. Na saa hakuitazama, alisikiliza vinanda. Vinanda vikianza kulia kwa nguvu, alikunja karatasi ya mbegu akasema, "Haya, nyanyukeni, taa zinakuja."

Ndiyo kusema Wagdi aliziona filamu zote za kiangazi kile, na hakuiona hata moja mwanzo wala mwisho. Alikula nyama ya katikati tu, na tangu hapo anatuhubiria habari za ng'ombe mzima. Siri hiyo hakuitoa mkahawani hata siku moja. Mtu hawezi kuwa wakili halafu akakiri kwamba jalada la kesi hakulisoma.

Filamu iliyomchoma moyo ilikuwa ya fundi bomba kijana. Mjomba wake tajiri anamletea mkataba wa kwenda Ghuba, msichana wake analia, fundi bomba anapanda juu ya paa, bahari nyuma yake, anauchana mkataba na kusema, "Mkate wangu uko hapa." Vinanda vikapasuka. Shangazi akakunja karatasi. Wagdi akatoka ukumbini akiwa amekwisha kata shauri la maisha yake.

Filamu hiyo imeonyeshwa kwenye televisheni mara nyingi tu. Sijui kwa nini, kila ikionyeshwa, Insaf alikuwa na shughuli ya haraka: mtungi wa gesi umeisha, mgonjwa wa kutazamwa, bomba la jikoni limeziba. Wagdi alikwenda akinung'unika, lakini hakuona hasara. Si alikwisha iona.

Basi mwaka jana Marzuq alinunua projekta kwa ajili ya mpira, na timu yetu ikatolewa mapema, tena nyumbani. Projekta ikabaki haina kazi kama kijana mwenye digrii. Marzuq akatangaza kwamba kila Alhamisi atatundika shuka ukutani, familia zije na viti vyao, aonyeshe filamu za kiangazi kimoja cha miaka ya themanini. Kipi? Wateja wakubaliane. Angewaambia wakubaliane kuhusu rangi ya chai, ingekuwa afadhali.

"Themanini na tano," akasema Haji Shawqi, "na mjadala ufungwe. Polisi walikuja na farasi kupanga foleni. Themanini na sita uliona foleni ya farasi wewe?"

"Farasi hawakuja kutazama filamu, Haji," Wagdi akajibu. "Walikuja kwa sababu watu walitaka kurudishiwa pesa zao."

"Ile ya meli iliyoungua je? Meli nzima, bwana."

"Iliungua kwa aibu."

Watu wakacheka. Haji akavuta shisha taratibu. "Hebu niambie, fundi. Hii themanini na sita yako ina nini? Nasikia tu mtu kapanda juu ya paa."

"Ina mtu aliyejua thamani yake," akasema Wagdi. "Aliletewa Kuwait kwenye sinia, akaichana. Hakwenda kushona makochi ya watu wengine akaja kujisifia matofali."

Kete za dhumna zikasita hewani. Hata Marzuq, ambaye husikia tu neno "bili", aligeuka.

"Ahaa," akasema Haji polepole. "Nami miaka yote hii nikidhani tunabishania filamu. Basi sawa. Marzuq, weka themanini na sita. Anza na huyo mwenye paa lake. Tumwone huyo mwenye thamani."

Hivyo ndivyo Wagdi alivyoshinda, na sijapata kumwona mtu akifurahi namna ile. Alikwenda kunyolewa. Alhamisi akafunga duka mapema, akavaa shati jeupe, akachagua kiti kando ya Haji, lakini mbele kidogo, ili ageuke kwa urahisi. Alitaka kuuona uso wa Haji pale mkataba utakapochanwa. Mtu amengoja zaidi ya miaka thelathini, ana haki ya kuchagua kiti. Alimwita Insaf ashuke, Insaf akasema atatazama kutoka roshani, ana majani ya mulukhiya ya kuchambua kwa ajili ya mchuzi.

Mwanzoni Wagdi alishangaa kidogo. Hakuwa anajua kwamba fundi bomba ana ndugu. Lakini filamu ikafika mahali pake, na midomo yake ikaanza kutembea pamoja na maneno. Mjomba akaja. Msichana akalia. Paa. Bahari. "Mkate wangu uko hapa." Karatasi ikachanwa, vinanda vikapasuka, na Wagdi akageuka na uso wake wote, masharubu yakicheka.

Haji hakuwa akimtazama. Haji alikuwa bado anaangalia shuka.

Wagdi naye akarudisha macho. Kwenye shuka yule fundi bomba alikuwa amepiga magoti juu ya paa, anakimbiza vipande kwa mikono miwili kabla upepo haujavibeba. Kisha akaonekana chumbani na gundi na taa ndogo, anavibandika. Kisha uwanja wa ndege. Kisha, kwa muda wa kunywa chai nusu kikombe, miaka saba ikapita, akarudi na Mercedes nyeupe na mkanda wa dhahabu, msichana akamkimbilia na nywele vilevile kama alivyoziacha. Harusi. Vinanda tena, vikubwa kuliko vya kwanza. Mwisho.

Mtaa ulicheka mpaka watoto waliokwisha kulala wakaamka. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Fundi, uliishiwa gundi wewe?"

Haji Shawqi peke yake hakucheka. Alisema kwa kuudhika, "Waongo hawa. Mercedes nyeupe? Mimi nilirudi na feni. Na mwanangu mkubwa aliniita mjomba kwa mwezi mzima." Akaomba moto wa shisha.

Wagdi alipanda ngazi kama mtu aliyebeba kochi mgongoni. Insaf alikuwa roshani, sinia la mulukhiya magotini, anachambua bila kuangalia.

"Umeona?" Wagdi akauliza.

"Nimeona."

"Alikwenda, Insaf. Yule mwanaharamu alikwenda."

"Najua."

"Unajua nini? Imeisha sasa hivi."

"Kwangu iliisha zamani." Akatupa kijiti kwenye bakuli. "Kesho yake tulirudi, mimi na Shangazi, onyesho la mchana. Zote tulirudia. Ulidhani Shangazi Tafida alikuwa mtu wa kulipa tiketi aache mwisho wake ukutani?"

Wagdi akamtazama mkewe kama mtu anayemsalimia mgeni. "Kwa hiyo nilipokuja nyumbani kwenu na vipande vya mkataba mfukoni, nikamwambia baba yako nimefanya kama yule wa kwenye filamu..."

"Nilikuwa najua yule wa kwenye filamu yuko uwanja wa ndege."

"Na ukanyamaza."

"Nikakuletea sharubati."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekwenda," akasema Insaf, kwa sauti ileile ambayo angesema chumvi imeisha.

Ng'ambo ya barabara Haji Shawqi alikuwa akipanda kwenye jengo lake, ghorofa moja baada ya nyingine, akiwasha taa mwenyewe na kuzima mwenyewe, maana mkewe yuko kwa binti yao Kairo na wanawe wa kiume wote wako Ghuba. Wagdi alizitazama taa zile zikiwaka na kuzima hadi juu kabisa. Kisha akavuta kiti, akakaa, akachukua fungu la mulukhiya, akaanza kuchambua vibaya.

"Zote mlirudia?" akauliza.

"Zote."

"Ile ya daktari kipofu pia?" Alijaribu kuuliza kama mtu asiyejali. "Nieleze tu kwa kifupi, maana Alhamisi ijayo watanipandia kichwani. Alipona macho?"

Insaf alimnyang'anya fungu lile, akaanza kulichambua upya.

"Hakuwa kipofu, Wagdi. Alikuwa anajifanya. Walishaeleza mwanzoni."