Nilimcheka mtani wangu Mluguru kuhusu kodi ya mchango wa pensheni, kumbe mjinga nilikuwa mimi

Wakuu, salamu kwenu. Hii sijaitia chumvi, na nisingethubutu, maana mhusika bado yu hai na wajukuu zake wamo humu jukwaani.

Mimi ni Mnyamwezi, nimezeekea Morogoro. Enzi za ubinafsishaji nilikuwa karani wa mishahara kwenye kiwanda kimoja Kihonda. Serikali ilikuwa imekiuza, mwajiri mpya kaja na fomu mpya, na mimi na kikokotoo changu nikajiona waziri wa fedha.

Kulikuwa na fundi mitambo, Mzee Kibwana, Mluguru wa Mlali. Kwa msiojua, Mnyamwezi na Mluguru ni watani toka enzi za mababu. Namwamkia shikamoo, anaitika marahaba, halafu tunatukanana mpaka kengele inalia. Kukasirika marufuku.

Siku moja ya mshahara akaja dirishani na payslip yake.

"We Mnyamwezi, huu mchango wa pensheni sijaushika hata mkononi, umeenda moja kwa moja kwenye mfuko. Sasa mbona umeukatia kodi?"

Nikamjibu, "Mluguru, rudi Mlali ukapalilie migomba. Kodi waachie wenye kalamu."

Foleni nzima ikaangua kicheko, na yeye akacheka.

Mwezi uliofuata akarudi na swali lile lile. Na uliofuata pia. Nikadhani mzee kapata utani mpya, basi nikawa naandaa majibu kabisa nyumbani.

Mwezi wa nne akaja, akasema, "Habari za kazi, bwana karani."

Wakuu, nilishtuka. Mtani akikuita bwana, ujue mambo yameharibika.

Akanipa barua ya kuacha kazi. Kachoka kuuliza na kuchekwa, anakwenda kulima.

Nikafungua jalada lake kuangalia anaondoka na nini. Mfuko wetu ulikuwa unalipa pensheni kila mwezi mpaka kufa, kwa hesabu ya miaka ya kazi na mshahara wa mwisho, lakini sharti utimize miaka inayotakiwa. Mzee alibakiza miezi saba tu! Akiondoka siku ile anarudishiwa michango yake kwa mkupuo mmoja, basi. Uzee wake wote ungeharibika kwa sababu ya vichekesho vyangu.

Nikamwomba anipe siku moja. Kwenye droo nilikuwa na mwongozo wa PAYE, yaani kodi ya mishahara, ambao, naona aibu kusema, sikuwahi kuufungua.

Imeandikwa wazi kabisa: mchango wa mfanyakazi kwenye mfuko ulioidhinishwa unatolewa kwanza, kodi inakatwa kwenye kinachobaki. Mimi nilikuwa nakata kodi kwenye mshahara mzima, ndipo natoa mchango. Kwa kiwanda kizima, jamani!

Kesho yake nikaenda kwa meneja kukiri. Nilisemwa mpaka masikio yakawaka moto, ila hesabu zikarekebishwa na watu wakarudishiwa chao.

Mzee Kibwana akachukua barua yake, akaikunja, akaitia mfukoni. "Naitunza. Nyie Wanyamwezi mnasahau haraka."

Sijawahi kufurahia tusi kama lile. Akamaliza miezi yake, na pensheni anaila mpaka leo.

Miaka mingi baadaye nikafiwa na mama. Tunafika makaburini, namkuta Mzee Kibwana kaketi juu ya rundo la udongo, kakumbatia koleo, hataki mtu azike. Mtani ana haki hiyo mpaka apewe chochote.

Nikatoa noti huku machozi yananitoka. Akaigeuza huku na huku, akauliza kwa sauti kubwa:

"Hii umeshaikata kodi?"

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Ndipo akainuka, akawa wa kwanza kumtupia mama udongo.

Nilichojifunza: mtani naye huwa na hoja. Msikilize kwanza, kicheko hakiozi. Na kama una payslip, angalia kipi kinatangulia, mchango au kodi.

Nani mwingine humu alishawahi kupuuza jambo la kweli kisa limeletwa na mtani? Waluguru, leo nitukaneni tu, nimestahili.