Pale Ubavu Ulipoficha Figo

Kazini walimwita Mama Mstari. Kwa miaka mitatu, kila alasiri wagonjwa wakishakwisha, aliketi mbele ya kompyuta katika chumba chenye mapazia mazito, akizizungushia mstari wa njano figo za watu asiowajua, ili kompyuta ijifunze kuzichora yenyewe. Picha za altrasaundi ni za kijivu, kama mvua iliyoganda hewani. Figo ilijitokeza humo polepole, naye akaufuata ukingo wake mpaka asijue kama anachora au anaota.

Taabu ilikuwa ubavu. Mfupa hutupa kivuli cheusi, ukingo ukapotelea humo. Agizo lilisema: usipoona, acha wazi. Lakini roho yake haikukubali kuiacha figo na pengo. Aliufunga mstari kwa mazoea ya mkono, taratibu, ukapendeza.

Siku moja aliyelala kitandani alikuwa mama yake mzazi, aliyeona damu kwenye mkojo.

"Jeli yenu hii mnayonipaka baridi kama salamu ya mkwe," mama alinung'unika.

"Tulia, mama."

Kompyuta aliyoifunza ikachora yenyewe. Mstari wa njano ukaizunguka figo, ukapita juu ya kivuli, ukajifunga. Mwenzake wa zamu akachungulia begani.

"Safi kabisa! Haya dada, mpe bibi yetu nguo zake."

Hakuinuka. Pale kivulini mstari ulipinda kwa madaha anayoyafahamu. Alikuwa kama mtu aliyekuta mwandiko wake kwenye barua asiyokumbuka kuiandika. Kompyuta haikuona kitu pale. Ilikisia tu, kama alivyoifunza.

"Geuka ubavu, mama. Vuta pumzi. Izuie hapo hapo."

Figo ikateremka, ikatoka kivulini. Ukingoni palikuwa na kivimbe, kadiri ya punje ya hindi.

"Mwite daktari," alimwambia mwenzake. "Na umwambie picha zangu zote zenye kivuli zisitumike. Nilikuwa nabuni."

"Zote? Dada, si zaidi ya elfu mbili hizo?"

"Zote. Nenda."

Alikipima kivimbe mara mbili. Kilikuwa bado kidogo, hakijatoka nje ya figo. Akakipima mara ya tatu, machozi yakiufanya ule ukijivu uelee.

Kitandani sauti iliyobanwa ikauliza, "Mwanangu, nipumue, au ndiyo umenisahau?"