Nilibonyeza Alama ya Jua Kwenye AC ya Nyanya, Akafukuzwa Asiye na Kosa

Assalamu alaikum admin na nyote mnaosoma. Naomba jina langu lisionekane, kwa sababu shangazi yangu pia anafuata ukurasa huu. Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, na naishi Mji wa Kale na nyanya yangu pamoja na shangazi, dadake marehemu baba.

Nyanya alipatwa na kiharusi mwaka jana. Upande wa kulia umekufa ganzi na maneno yamempotea. Husema kwa macho na mkono wa kushoto tu. Aliyekuwa akimlea ni mama mmoja wa upande wa Kaloleni, nitamwita Dada Kadzo ingawa si jina lake. Alikuwa akimlisha uji kijiko kimoja, wanapumzika, anamsimulia habari za kuku wake, kisha kijiko cha pili. Nyanya alikuwa akimaliza bakuli.

Ami yangu aliye Dubai alisikia joto linamtesa mamake, akaagiza AC ifungwe chumbani. Fundi alitufundisha mimi na shangazi. "Wekeni ishirini na tano, fungeni madirisha. Chumba kikishapoa, itapumzika yenyewe." Dada Kadzo hakuipenda. Alisema inamkausha bibi midomo, na akiwa peke yake huizima akafungua dirisha. Shangazi alikuwa akimgombeza kila mara kwa jambo hilo.

Jumamosi moja shangazi alikwenda kusaidia mapishi ya arusi, na Dada Kadzo akatoka kufuata dawa. Nikabaki mimi. Nikachukua rimoti nimpozee nyanya chumba. Kwenye kioo chake kuna alama ya jua, na nyingine kama nyota yenye matawi. Kumbe ni chembe ya theluji, alama ya baridi, na mimi theluji sijaiona maishani mwangu. Nikadhani nyota ni ya usiku na jua ni la mchana. Ilikuwa saa nane mchana, basi nikabonyeza jua, nikaacha ishirini na tano.

Mashine ikanyamaza. Nikasubiri, joto liko vilevile. Nikakumbuka panka yetu ya sebuleni, ambayo ukizungusha namba kubwa ndipo inapokwenda kasi, nikapandisha hadi thelathini. Ikaanza kuvuma taratibu. Nilifurahi, sikungoja kuupima upepo wake. Nikamfunika nyanya blanketi ili baridi isimdhuru, nikafunga madirisha na mlango, nikashuka chini kudurusu fizikia.

Karibu saa kumi nilimsikia Dada Kadzo akiniita. Nilipopanda, nyanya alikuwa amelowa jasho, midomo imepasuka, macho yamelegea. Mkono wake mmoja haukuweza kuliondoa lile blanketi. Dada Kadzo alikuwa ameshafungua madirisha, ameshika rimoti anaizima mashine. Hapo hapo shangazi akaingia.

"Umefanya nini?"

"Nimemkuta hivi, mama."

"Umemkuta, na rimoti iko mkononi mwako? Si wewe usiyeitaka hii mashine tangu siku ya kwanza? Umemwoka mamangu kama mkate."

Dada Kadzo akanitazama. Nami sikusema neno.

Tulimkimbiza nyanya hospitali, akalazwa siku tatu. Aliporudi, Dada Kadzo alikuwa ameshaondoka na mfuko wake. Tangu hapo wamekuja walezi wawili, na nyanya amewafumbia mdomo wote wawili. Shangazi humbembeleza hadi mwenyewe analia. Daktari amesema asipokula, hatuna muda mrefu naye.

Siku ya tano tangu Jumamosi ile nilimwambia shangazi kwamba ni mimi. Akanishika kichwa, akasema, "Wewe una imani na huruma sana, mwanangu. Usijitwike dhambi ya mtu." Nikampigia ami. Akacheka. "Mtoto anayeongoza darasa kwa fizikia ashindwe na rimoti?"

Nikaona niwathibitishie. Nilikuwa nimeshamuuliza mwalimu, akanieleza kwamba mashine hizi zinazotoa joto ndani kulipeleka nje, nyingine zinaweza kugeuzwa zikaliingiza. Nikamwita shangazi, nikabonyeza jua, nikapandisha namba, nikamwekea mkono wake penye ule upepo wa moto. Nikamweleza yote, hatua kwa hatua.

"Sasa waona?" akasema. "Wewe waijua mashine vizuri. Asiyeijua ni yule."

Kila ninavyoeleza vizuri zaidi, ndivyo ninavyozidi kuonekana sina kosa.

Wiki iliyopita nilimtafuta Dada Kadzo, nikampata mtaa wa Bondeni, anafulia watu nguo. Niliomba msamaha nikilia, nikamsihi arudi. Hakunikasirikia. Akaendelea kukamua shuka.

"Mimi nilijua," akasema. "Nilikutazama ili useme pale pale. Sasa nikirudi, bibi akikohoa tu nitatazamwa mimi."

"Shangazi akija mwenyewe kukuomba?"

"Atakuja?"

Sote wawili tunamjua shangazi.

Siku hizi, kabla ya kwenda shule, naizima AC, nafungua dirisha kama alivyokuwa akifanya Dada Kadzo, namlisha nyanya uji huku nikimsimulia habari za kuku nisiowajua. Jana alimeza vijiko viwili. Kisha akageuza macho, akautazama mlango kwa muda mrefu, nami nikajua anamngoja nani.

Nyinyi mnaosoma ni wengi, na wengine ni wakubwa kuliko shangazi yangu. Ukweli nilioukawiza nitausema vipi uaminike, nyanya angali hai? Nishaurini. Na wewe shangazi, ukiyasoma haya ukaijua nyumba yako, ni mimi. Nakuomba uende Bondeni.